Rai ya Raia: Mwaloni wa Uswisi na Mgunga wa Kajiado (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulifuatana na fikira ya watu kujitawala tangu ilipozaliwa Athens, mji wa Wayunani, hata ikafika Uingereza, ambako wafalme walilazimishwa kidogo kidogo, na mara moja kwa shoka, kukiri ya kwamba amri yao ina mpaka. Leo nawaomba wasomaji wangu tuiache miji mikubwa tupande milimani, maana nchi ninayokusudia kuieleza haina pwani wala haikupata kuwa na mfalme wake, nayo ni Uswisi. Kisha tushuke pamoja mpaka nyanda za Kaputiei, ulipo mji wa Kitengela, na mbele yake Isinya na Kajiado. Baina ya nchi hizi mbili, zilizohitilafiana kwa hali ya hewa, kwa lugha na kwa utajiri, upo udugu ambao wachache wameutambua, na udugu huo asili yake ni ng'ombe.

Lakini kwanza tulitazame neno. Sisi tusemao Kiswahili humwita mwananchi wa dola "raia", na neno hilo tulilipokea kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kuchunga: raia ni kundi linalochungwa, na mtawala ndiye mchungaji. Tunalo tena neno "rai", ambalo kwa Waarabu lina asili nyingine kabisa, nalo ni lile analoliona mtu kwa akili yake akalitoa mbele ya wenziwe. Katika Kiarabu maneno haya hayana nasaba, ila katika kinywa cha Mswahili yamesogeleana mpaka yanakaribia kugusana. Nami naona ya kuwa historia yote ya demokrasia, ukiikamua, ni safari ya raia kutoka maana ile ya kwanza kuiendea hii ya pili, kutoka hali ya kuchungwa mpaka hali ya kuwa na rai, na rai ikasikilizwa. Jambo hili Mmaasai hahitaji kufafanuliwa sana, maana mchungaji ndiye ajuaye kuliko watu wote kwamba kundi haliulizwi liende wapi.

Tuanze basi na Waswisi. Mwanzoni mwa mwezi wa Agosti mwaka wa 1291 watu wa mabonde matatu ya milimani, Uri, Schwyz na Unterwalden, waliandikiana hati ya kusaidiana, na miongoni mwa masharti waliyoyaweka lilikuwamo hili, kwamba hawatamkubali kadhi aliyeununua ukadhi wake kwa fedha wala asiyekuwa mwenyeji wa mabonde yao. Hawakuwa wanafalsafa, walikuwa wafugaji na wakulima walioona ya kuwa hukumu inayouzwa si hukumu. Na wafugaji hao walikuwa na shida moja iliyowalazimu kukaa pamoja wapende wasipende: nyasi za juu ya milima ya Alpi, ambazo hupatikana wakati wa kiangazi tu, hazigawiki. Huwezi kuukata mlima vipande ukampa kila mtu kipande chake, kwa sababu theluji, mvua na maporomoko havifuati mipaka ya kila mtu, na mwenye kipande kidogo angekufa njaa mwaka ule ambao kipande chake hakikuota.

Kipo kijiji katika jimbo la Valais kiitwacho Törbel, ambacho wenyeji wake walijiandikia kanuni za malisho ya pamoja mwaka wa 1483, na mwaka wa 1517 wakaongeza kanuni ambayo mimi naiona kuwa ni hikima kubwa kuliko vitabu vingi vya siasa: hapana mtu atakayepeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko wale awezao kuwalisha kwa majani yake mwenyewe wakati wa baridi. Mtu ayapime maneno hayo. Tajiri hawezi kununua ng'ombe mia wakati wa neema akawanenepesha kwa nyasi za wote, kisha akawauza kabla ya shida. Haki ya kila mtu katika neema imepimwa kwa mzigo wake katika shida. Na kanuni hiyo haikutolewa na sultani wala haikuletwa na askari, bali ilitungwa na walewale itakaowafunga.

Kwa ada hiyo ya kukaa na kushauriana kulizuka mkutano wa jimbo, ambao hufanyika nje, katika uwanja wa wazi, nao watu hupiga kura kwa kuinua mikono juu, na kila mwenye neno anaweza kulitoa. Majimbo mengi yameuacha, lakini katika Glarus na Appenzell ya Ndani umebaki hata leo, na huko Appenzell wanaume wengi huja wamevaa upanga ubavuni, kwa sababu tangu zamani upanga ndio uliokuwa cheti cha mpiga kura. Jean-Jacques Rousseau, aliyezaliwa Geneva mwaka wa 1712, aliwataja wakulima wanaoyakata mambo ya dola yao wakiwa wameketi chini ya mwaloni, akawaona kuwa na akili kuliko mataifa yajionayo yamestaarabika. Na katika kitabu chake cha Mkataba wa Jamii, kilichotoka mwaka wa 1762, akashika shina la jambo kwa kusema kwamba mamlaka ni ya umma wenyewe, na umma hauwezi kuyauza wala kuyatoa hiba. Mji wake mwenyewe uliamuru kitabu hicho kichomwe moto, na hii ni dalili ya kwamba wakubwa wa mji walikisoma wakakifahamu vyema.

Baada ya vita vifupi vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka wa 1847, Waswisi walipata katiba ya shirikisho mwaka wa 1848, ambayo iliyaachia majimbo, yaliyo 26 leo, mambo yao mengi, ikaipa serikali ya kati yale tu yanayowapasa wote. Mwaka wa 1874 wakapata haki ya kuipinga sheria iliyokwisha pitishwa na bunge, na leo sahihi 50,000 zinatosha kuilazimisha sheria hiyo iletwe mbele ya wapiga kura. Mwaka wa 1891 wakapata haki ya kupendekeza wenyewe mabadiliko ya katiba, na leo sahihi 100,000 ndizo zinazotakiwa. Tazama basi jinsi kanuni ya malisho ilivyokua ikawa kanuni ya dola: yule atakayeubeba mzigo lazima aulizwe, na jibu lake liwe na nguvu ya kuzuia.

Sasa tushuke Kajiado. Jina lenyewe la mahali hapa, kama wajuavyo wenyeji, ni la Kimaa, nalo latokana na kusema mto mrefu, ndiyo sababu baraza la wilaya la zamani likaitwa Olkejuado. Wamaasai wa nchi hii, wawe Ilkaputiei wa upande wa Kitengela na Isinya, au Ilmatapato, au Ilkeekonyokie wa upande wa Ngong, au Ilkisonko wa Loitokitok, hawakuwa na mfalme. Walikuwa na marika, yaani wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja wakapanda pamoja kutoka umorani mpaka uzee. Walikuwa na enkiguena, mkutano wa shauri unaofanywa kivulini, mara nyingi chini ya mgunga. Na kila rika lilikuwa na olaiguenani wake, ambaye kazi yake kubwa ni kusema kwa niaba ya wenziwe, naye hushika rungu iliyo alama ya dhamana hiyo. Neno olaiguenani na neno enkiguena yatoka katika shina moja, la kushauriana. Kwa hiyo kiongozi wa Kimaasai ameitwa kwa jina la shauri, hakuitwa kwa jina la amri. Oloiboni naye, mwenye ilimu ya uganga na ya kuagua, alikuwa na heshima kubwa, bali heshima si utawala.

Upanga wa Appenzell na rungu ya Kaputiei hazikufundishana. Kilichowafundisha watu wa pande zote mbili ni ng'ombe na nyasi, maana katika nyanda zetu mvua hunyesha hapa isinyeshe pale, na asiyeafikiana na jirani yake leo atakosa pa kuhamia kesho.

Walipokuja Waingereza walikuwa na haja ya mtu mmoja wa kutia sahihi. Wakamtwaa Olonana, aliyekuwa oloiboni, wakamfanya mkuu wa Wamaasai wote, na tarehe 10 Agosti 1904 yeye pamoja na wazee wengine wakaingia katika mapatano na Sir Donald Stewart, ambayo kwayo Wamaasai waliondoka katika malisho ya Bonde la Ufa wakapewa sehemu mbili, moja Laikipia na ya pili kusini ya reli, ambako ndiko Kajiado ya leo. Wakaahidiwa kwamba sehemu hizo zitakuwa zao maadamu wao kama taifa wapo duniani. Miaka saba haikutimia. Mnamo Aprili 1911 yakafanywa mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakaamriwa kuhamia kusini, ijapokuwa msemaji wao Legalishu, aitwaye pia Ole Gilisho, alikuwa amepinga muda mrefu kabla ya kutia alama yake.

Hapo ndipo Wamaasai walipofanya jambo ambalo linafaa kukumbukwa katika kila darasa la uraia: walikwenda mahakamani. Katika shauri la mwaka wa 1913, lijulikanalo kwa jina la Ole Njogo, walidai ya kwamba mapatano ya 1911 hayakuwafunga, kwa kuwa waliotia sahihi hawakuwa na uwezo wa kuwafunga watu wote. Dai hili ni lile lile la Rousseau, lililotoka katika vinywa vya watu ambao hawakupata kumsoma. Mahakama ikajibu kwamba mapatano yale ni mkataba baina ya dola na dola, na Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, kwa hiyo mahakama ya Mfalme haina uwezo wa kuyachungulia. Ajabu ya maneno haya haijanitoka moyoni tangu nilipoyasoma: watu walipewa utukufu wa kuitwa dola kwa siku moja, ili wasipate haki ya kusikilizwa kama raia. Wakanyimwa rai kwa sababu hawakuwa raia, na walipokuja kuwa raia ilikuwa ni katika ile maana ya kuchungwa.

Njia ya Uswisi na njia ya Kajiado zikakutana waziwazi mwaka wa 1960. Mwezi wa Juni mwaka huo, mjini Ngong, vyama vya makabila yaliyoogopa kumezwa na makubwa, wakiwamo Wamaasai, Wakalenjin na watu wa Pwani, viliungana vikafanya KADU, chama alichokuja kukiongoza Ronald Ngala. Na mwaka uliofuata chama hicho kikatoa rai ya majimbo, ambayo Uswisi ilikuwa miongoni mwa mifano yake, na mwanasheria wa Kiswisi akaletwa kuwashauri viongozi wake. Wakabishana na chama cha KANU huko Lancaster House, London, tangu Februari hata Aprili 1962, na katiba ya uhuru ya mwaka wa 1963 ikaigawa nchi katika majimbo saba, mbali na Nairobi. Lakini majimbo hayo yalinyimwa fedha na nguvu; Novemba 1964 KADU ikajivunja, na punde mambo yote yakarejea Nairobi.

Haifai kuisifu rai hiyo kupita kiasi. Ndani yake ilikuwamo hofu ya haki ya wachache, na ilikuwamo pia tamaa ya baadhi ya walowezi ya kujificha nyuma ya hofu hiyo; na katika miaka ya 1990 neno majimbo likaokotwa na watu waliolitumia kuwafukuza majirani zao katika Bonde la Ufa kwa kuwaita madoadoa. Mkate mmoja hulisha na hukaba. Rai iliyozaliwa ili kuwaingiza wadogo katika duara la shauri ikageuzwa kuwa fimbo ya kuwatoa wengine.

Jambo la pili lililopita Kajiado katika miaka hiyo lilikuwa la ardhi. Sheria ya mwaka wa 1968 ilianzisha ranchi za vikundi, ambazo kwazo kila kikundi kilipewa ardhi kwa pamoja, na wanachama wakawachagua wawakilishi wasiopungua watatu wala kuzidi kumi. Kwa karatasi, hii ilikuwa Törbel mpya. Walakini kanuni ile ya msimu wa baridi haikuwamo: mwenye ng'ombe wengi alikula nyasi nyingi, waliokuwa karibu na wawakilishi wakasikilizwa kuliko wengine, na vijana waliokua wakakuta daftari la wanachama limekwisha fungwa. Kwa hiyo wanachama wenyewe wakaanza kutaka ardhi igawanywe, na katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mtu akapata hati yake. Haikugawanywa na mkoloni. Iligawanywa kwa ridhaa. Na ridhaa ya kizazi kimoja ikazaa ploti, ploti zikazaa nyua, na nyumbu waliozoea kutoka katika mbuga ya Nairobi wakati wa mvua kwenda kuzalia nyanda za Kaputiei wakakuta waya. Baadhi ya wenye ardhi walikaa baadaye na baraza la Olkejuado wakatunga mpango wa kubakiza maeneo ya malisho, jambo la kusifiwa sana; lakini ni kazi kuliko kazi kushona nguo iliyokwisha kukatwa.

Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mimi nawaheshimu wazee, na bado nauliza: katika duara lile la mgunga, na katika daftari lile la ranchi, mama yake nani alikuwamo? Wanawake walikuwa wakijenga nyumba, wakikama ng'ombe, wakijua ni mto upi umekauka, lakini mkutano ulikuwa wa wanaume, na ardhi iliandikwa kwa majina ya wanaume. Asije mtu akadhani kwamba hili ni la Kiafrika. Waswisi hao hao wenye kura tangu karne nyingi hawakuwaruhusu wanawake kupiga kura ya taifa mpaka Februari 1971, miaka minane baada ya mama zetu wa Kenya kupiga kura ya uhuru. Na katika Appenzell ya Ndani wanaume, wakiwa na panga zao ubavuni, walikataa tena na tena, hata mahakama kuu ya shirikisho ikawalazimisha mwezi wa Novemba 1990. Mkutano mzuri chini ya anga unaweza kuwa na dhuluma ndani yake, na dhuluma hiyo ikadumu kwa kura halali. Kajiado ilipofika mwaka wa 2013 wapiga kura wa Kajiado Mashariki, ambamo Kitengela imo, walimchagua Peris Tobiko, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa kuingia bungeni, ijapokuwa walikuwapo waliosema kuwa mila haikubali.

Katiba ya Kenya iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 ilianza kwa kukiri kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, ikarejesha ugatuzi kwa kuzifanya kaunti 47, ikaamuru kaunti zipewe pamoja fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ikalipa kila bunge la kaunti sharti la kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Iliruhusu hata wananchi waanzishe wenyewe mabadiliko ya katiba kwa sahihi milioni moja, kama Waswisi. Na rais alipojaribu kuipitia njia hiyo, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 31 Machi 2022 kwamba mlango wa wananchi si mlango wa rais. Nayo sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka wa 2016 ilifuta ile ya 1968, ikasema kwamba mkutano wa jamii ni wa watu wazima wote, wake kwa waume, na kwamba ardhi haiwezi kutolewa pasipo ridhaa ya theluthi mbili ya wanajamii wazima walioandikishwa. Kwa maandishi, duara limepanuliwa.

Lakini Kitengela ya leo si ile ya mgunga. Mwaka wa 2009 kaunti nzima ilikuwa na watu 687,312. Mwaka wa 2019 walikuwa 1,117,840, na katika mji wa Kitengela peke yake zaidi ya 150,000. Mwenyeji aliyeuza ekari zake na mpangaji aliyekuja kufanya kazi katika viwanda vya Athi River wanangoja maji ya bowza lile lile na kukanyaga tope lile lile, ila wengine bado wameandikishwa kupiga kura mashambani walikotoka, na wengine wanaambiwa, kwa sauti ya chini, kwamba neno la hapa si lao. Waswisi nao wana aibu hiyo, maana robo ya watu waishio kwao ni wageni wasiokuwa na kura ya taifa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo ukae nje ya kikao.

Nimehudhuria vikao kadha wa kadha vya maoni ya umma, na sitataja mahali wala ofisi. Karatasi za bajeti huletwa asubuhi ile ile, kwa Kiingereza, zenye kurasa ambazo mhasibu angehitaji juma zima kuzisoma. Soda hugawanywa, watu hutia sahihi katika orodha ya waliohudhuria, na orodha hiyo baadaye huonyeshwa kuwa ndiyo ushahidi kwamba wananchi waliridhia. Nilipotazama karatasi ile yenye alama za vidole gumba nilikumbuka mapatano ya 1911.

Malisho yasiyogawika ya Kitengela siku hizi ni maji, barabara, mitaro, soko, na lile fungu la fedha litokalo Nairobi. Haya ndiyo mlima wetu wa kiangazi, na juu yake wapo wanaopeleka ng'ombe wengi kuliko wale wawezao kuwalisha wakati wa baridi. Atakayeitwa tena katika kikao na aulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi: nani anayeguswa na jambo hili naye hayumo humu, na je, tukisema hapana, jambo litasimama? Kikiwa hakina jibu la hayo, kikao hicho kina raia wengi, bali hakina rai.

Katika sehemu ya nne, inshallah, tutaifungua karatasi ya bajeti ya kaunti yenyewe, safu kwa safu, tuone mwananchi wa kawaida aanzie wapi kuisoma.